Barua yangu ya malalamiko imefutiwa mafuta ya sambusa, halafu mnatuambia manunuzi yamerekebishwa!!

FundiRanda: Wakuu nimetoka pale halmashauri sasa hivi, mikono bado inatetemeka, makosa ya kuandika mtavumilia. Yule bwana mnamjua. Msijifanye hamumjui, yule wa manunuzi mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja iliyowahi kusaini cha mtu kwa wakati. KAFUTIA MAFUTA YA SAMBUSA KWENYE BARUA YANGU.

Iko hivi. Tenda ya madawati imetangazwa NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, sisi kikundi cha vijana, tupo kwenye ile asilimia 30 ya tenda wanayotengewa makundi maalum, TIN ipo, leseni ipo, tumekesha tunapandisha nyaraka intaneti inakata kila tukifika asilimia 99. Tukatupwa nje eti pawa ofu atoni, ile hati ya uwakilishi, haijakaa sawa. Aliyeshinda nyie mnajua anauza nini, anauza wigi na kope, dawati mara ya mwisho kuliona alikuwa amelilalia darasani. Nikaandika barua kistaarabu kabisa, Yah: Malalamiko, nikampelekea mkononi. Anakula. Hakuacha hata kutafuna. Akaipokea kwa vidole viwili, akaigeuza kama anatafuta bei, akafuta kidole gumba, akafuta cha shahada, halafu mdomo, MDOMO jamani, tena pale pale nilipoandika "kwa heshima na taadhima", akasema asante kijana, tishu zilikuwa zimetuishia. Ofisi nzima ikacheka mpaka mlinzi.

Sheria ya manunuzi ya 2001, ikaja ya 2004, ikaja ya 2011, sasa tuna ya 2023, tulikuwa mfumo wa TANePS tukahamishiwa NeST, kila wakibadilisha tunaambiwa safari hii hutaonana na mtu. Sawa, mfumo hauli sambusa. Sasa nani kala??? Yaani mdomo!!

Kibwebwe: 😂😂😂 kwa heshima na taadhima. Nimeweka kambi hapa.

mtu_wa_zabuni: Pole mkuu ila na wewe una yako. Malalamiko yanaenda kwa afisa masuuli, yaani mkurugenzi, na siku hizi yanapitia humo humo mfumoni, usiporidhika unakata rufaa PPAA, mamlaka ya rufaa za zabuni. Wewe umeprint ukampelekea mtu anayekula. Ulitegemea aifanyie nini?

FundiRanda: Nilitegemea amalize kumeza kwanza!! Na hata kama siyo yeye anayepokea, barua inafutiwa mdomo? Hilo lipo kwenye kanuni ya ngapi?

MzeeKibali: Vijana mmedeka. Enzi za RTC, yale maduka ya serikali ya mikoa, tenda ulikuwa huijui, ulikuwa unajua kimemo cha mkubwa. Sukari kimemo, saruji kimemo. Akaja Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, tukapiga makofi tukajua vimemo vimekwisha, kumbe vimeenda kusomea manunuzi. Zabuni kubwa zilikuwa zinaamuliwa Bodi Kuu ya Zabuni huko Dar, mpaka sheria ya 2004 ndo kila taasisi ikaachiwa inunue yenyewe na PPRA, mdhibiti wa manunuzi, ikawekwa kuangalia. Kwa hiyo zamani barua yako ingefutiwa mafuta Dar, leo unafutiwa karibu na nyumbani. Nauli umeokoa.

Kibwebwe: Mzee umemaliza uzi 😂

dada_wa_mchele: Huyu hajapata tenda analia. Mimi NIMEPATA. Nimepeleka mchele bwenini, watoto wamekula, wamehitimu, wengine wameshaoa, malipo bado "yanahakikiwa". Bora wangefutia midomo kwenye invoisi yangu ningejua angalau imeguswa.

Zege_Kavu: Na sisi wakandarasi tuseme nini? Fosi akaunti, serikali kujijengea yenyewe bila mkandarasi, imetumaliza. Darasa linajengwa mwalimu mkuu ndo anahesabu mifuko ya saruji, akitoka hapo anaingia kufundisha Kiswahili, mimi na cheti changu cha CRB, bodi ya wakandarasi, nakaa kijiweni nacheza bao.

mtu_wa_zabuni: Fosi akaunti imeokoa hela nyingi za serikali, wakandarasi mlikuwa mnaweka bei za ajabu.

Zege_Kavu: Rudi ofisini kwako sambusa zinapoa.

KijiweNongwa: Mnagombania darasa. Nchi iliuziwa rada kwa paundi milioni 28, ikaja kubainika bei ina harufu, BAE, kampuni ya Uingereza iliyoiuza, ikarudisha paundi milioni 29.5 mwaka 2012, zikanunua vitabu na madawati. Mdogo wangu alikalia chenji ya rada. Ina msumari ule, suruali zote za shule zilichanika sehemu moja.

dada_wa_mchele: Hizo suruali alilipa nani? Maana mimi bado nadai.

wa_Kisumu: Huku Kenya mpango wetu ni AGPO, asilimia 30 hiyo hiyo ya tenda, vijana, akina mama na walemavu. Ukishinda ndio unaanza kuhesabiwa kwa pending bills, madeni ambayo serikali haijalipa. Wakati mwingine ukikosa ni kama umeponea.

Zege_Kavu: Wakenya msituletee mada zenu, hapa tunaongelea fosi akaunti.

FundiRanda: Hapa tunaongelea BARUA YANGU.

mama_shule: Samahani mleta mada, hayo madawati ni mbao gani? Nina shule yangu ya binafsi, nahitaji kama sitini hivi, nalipa kesh.

FundiRanda: Mninga mkavu mama, hata sampuli ipo. Karibu sana.

mama_shule: Unatoa risiti ya EFD, ile ya kodi?

FundiRanda: Njoo PM tuongee.