Kikundi cha ukoo: koti la Safina

Shangazi Zuhura, saa 1:10 jioni: Assalamu alaykum, ndugu zangu. Safina anasafiri kwenda London tarehe 4 Januari, na mpaka sasa ni nyumba mbili tu zilizoleta mchango. Kila nyumba itoe shilingi 50,000 kabla ya Ijumaa, nimpeleke soko la Owino hapa Kampala akachague koti zito.

Hamisi, saa 2:31: Shangazi, nimesoma kwamba mwanzoni mwa Januari ndipo dunia inapokuwa karibu zaidi na jua. Basi baridi hiyo inatoka wapi?

Shangazi Zuhura, saa 2:40: Ulilosoma ni kweli, lakini majira hayaletwi na umbali. Januari jua liko kama kilomita milioni 147 kutoka kwetu, na Julai milioni 152, tofauti ambayo ni ndogo. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, nao hubaki umeinamia upande uleule dunia inapolizunguka jua, jambo ninalowaonyesha wanafunzi wangu kwa chungwa na mshumaa. Ikifika Desemba, kaskazini huwa imelipa jua kisogo: miale hufika London ikiwa imelala, joto lake hutawanyika juu ya eneo kubwa, na mchana hudumu saa 8 tu hivi. Wakati huohuo watu wa kusini wako katika kiangazi.

Salma, saa 2:52: Basi apelekwe kwenye baridi ya Kabale wiki moja akazoee, maana nauli ni nafuu kuliko koti.

Hamisi, saa 2:53: Nami nitamsindikiza.

Shangazi Zuhura, saa 2:58: Baridi ya Kabale inatokana na mwinuko, wanangu. Sisi Uganda ikweta inatupitia pale Kayabwe, mchana wetu hukaribia saa 12 mwaka mzima, ndiyo maana misimu yetu tunaihesabu kwa mvua. Tafadhali turudi kwenye mchango.

Mjomba Rajabu, saa 4:15 usiku: Nilipokwenda mimi, hakuna aliyeuliza habari za koti. Nilijifunga shuka la Mama mpaka Machi, na mchango wa wakati ule ulinunua mabati ya nani, mnajua.

Shangazi Zuhura, saa 4:17: Kaka, hilo tulilimaliza mbele ya Baba.

Mjomba Rajabu, saa 4:18: Mlilimaliza ninyi.

Bibi, saa 11:40 alfajiri: Rajabu mwanangu, barua zako ninazo zote. Ile uliyoniandikia kwamba huko jua unaliona lakini halikupashi joto, niliisoma nikalia. Sitaki mjukuu wangu aniandikie nyingine kama hiyo.

Mjomba Rajabu, saa 3:05 asubuhi: Nimekusikia, Mama. Nitatoa, ila nitamkabidhi Safina mwenyewe mkononi.

Shangazi Zuhura, saa 3:06: Alhamdulillah. Bado nyumba tano. Hamisi?

Hamisi, saa 7:20 mchana: Mshahara ukiingia, Shangazi. Je, glavu na soksi zimo katika hesabu hiyo?