Asili ya aina za kienyeji za ulezi: sampuli zichukuliwe vipi?

MbeguZaKale
Kuna aina 40 za ulezi kutoka vijiji mbalimbali, za kupimwa vinasaba ili chimbuko lake lijulikane. Zipimwe mbegu au majani? Na eneo lenye aina nyingi ndilo chimbuko?

Mche
Majani. Mbegu za mkulima ni mchanganyiko hata zikiwa na jina moja, kwa hiyo otesha miche 5 hadi 10 ya kila aina na kila mche uupe namba yake. Ukitia majani ya miche 3 katika bahasha moja, majibu yatakuonyesha chotara ambaye hayupo.

Chukua jani changa, wiki 2 baada ya kuota. Likaushe kwa silika jeli (punje za kufyonza unyevu), gramu 10 kwa gramu 1 ya jani, na ndani ya saa 24 livunjike ukilikunja. Likiwa bado laini, badilisha silika mara moja, maana vinasaba vinaanza kukatika. Majani yaliyokomaa yana ute mwingi: unamaliza kusafisha, kumbe kichupa kina utelezi na kipimo hakisomi.

Kromosomu36
Hapo kwenye majibu ndipo wengi hupotea. Ulezi una kromosomu 36, seti mbili zilizotoka kwa mababu wawili tofauti, na mmoja wao ni jamaa wa karibu wa gugu *Eleusine indica*. Mashine ya kusoma vinasaba huweza kusoma herufi ya kinasaba ya seti moja na ya seti nyingine kana kwamba ni sehemu moja. Ulezi hujichavusha wenyewe, kwa hiyo sehemu inayoonekana chotara (yenye herufi mbili tofauti) karibu katika kila mche itupe.

Kuhusu chimbuko, hapana. Mbegu zilizosafiri na kukutana sokoni nazo huongeza aina. Cha kupima ni ukaribu na ulezi mwitu. Bila huo utajua nani ni ndugu ya nani tu, hutajua nani alitangulia.

MbeguZaKale
Ulezi mwitu unatambulikaje shambani?

Mche
Gusa suke lililokomaa. La mwitu hupukutika mkononi, la shambani hushika punje zake. Chukua na mimea ya mwitu iliyo mbali na mashamba, kwa kuwa iliyo kandokando huwa imeshachanganyika na ulezi wa shamba, nayo itakuonyesha udugu wa juzi kana kwamba ni wa kale.