Vigemu vya mkononi vyenye gemu elfu kumi ndani: tununue au tuache?

Babu_Pedi (mtoa mada)
Wakuu, hili nataka tulijadili waziwazi. Vigemu vya mkononi vya Kichina, Anbernic, Miyoo Mini na wenzake, vimejaa mjini. Ukifungua boksi unakuta memori kadi ina maelfu ya gemu za Nintendo, Sega na PlayStation ya kwanza, na waliozitengeneza hawajapata hata senti. Emuleta yenyewe, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani, sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni romu, yaani nakala za gemu, za kumwagiwa kwa jumla, pamoja na mafundi wanaotoza pesa kujaza kadi. Huo ni wizi. Sisi tuliokua na Nintendo halisi nyumbani tulifundishwa kuheshimu jasho la mtu. Mnasemaje?

Fundi_Msimbazi
Mwizi ni mimi basi, maana kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Natoza 20,000. Kadi zinazokuja na hivyo vigemu ni dhaifu, zinakufa bila taarifa na sevu zako zote zinakwenda nazo. Nahamishia kila kitu kwenye kadi nzuri, naweka mfumo mpya, napanga mafolda, naseti vitufe, najaribu gemu za PS1 (PlayStation ya kwanza) kama zinavuka hadi diski ya pili. Jioni nzima imeisha hapo. Mteja analipia mikono yangu. Fundi redio huwa anamdai mteja risiti ya redio?

Mama_Nuru
Redio mteja anakuja nayo. Gemu unazileta wewe, mdogo wangu.

Kijana_wa_Bamburi
Ngojeni kwanza. "Nintendo halisi nyumbani"? Tulichocheza wengi huku ni mashine za Kichina zenye kaseti za manjano zilizoandikwa gemu 9999. Ukizipitia unakuta gemu ni chache tu, zimerudiwa kwa majina tofauti. Mtu aliyelelewa na kaseti hizo asije leo kumwita Fundi mwizi.

Babu_Pedi
Yangu ilikuwa halisi. Mjomba aliniletea kutoka Dubai.

Kijana_wa_Bamburi
Kaseti zake zilikuwaje? NES, yaani Nintendo ya Marekani na Ulaya, inatumia kaseti kubwa ya kijivu yenye pini 72, inaingia kwa mbele kisha unaibonyeza chini. Famicom, Nintendo hiyohiyo ya Japani, kaseti yake ni ndogo, pini 60, inachomekwa juu. Wachina waliiga hiyo ya Japani.

Babu_Pedi
Ilichomekwa juu, rangi nyeupe na nyekundu. Famicom ni Nintendo, au hujui?

Kijana_wa_Bamburi
Najua sana. Famicom ilitoka Japani Julai 1983. Pedi zake hazichomoki, nyaya zimeingia moja kwa moja kwenye mashine, na pedi ya pili ina maikrofoni. Yako ilikuwa na maikrofoni? Nijibu hilo tu, kaka.

Babu_Pedi
Mjomba wangu ni marehemu. Siwezi kukaa hapa nikimtetea mbele ya mtu nisiyemjua. Aliniletea zawadi kwa pesa yake halali, basi.

Mama_Nuru
Bamburi, mwache. Umeshamuumiza mtu kwa ajili ya maikrofoni.

Kijana_wa_Bamburi
Marehemu sijamgusa, Mungu amrehemu. Aliyeanza kuumiza watu ni aliyewaita mafundi wezi huku naye amekulia kwenye nakala.

Wakili_wa_Kimara
Tusemeni sheria sasa. Emuleta haijakatazwa. Sony iliishtaki kampuni ya Bleem, waliouza emuleta ya PlayStation, ikashindwa, suala hilo lilishafungwa siku nyingi.

Chuma_Chakavu
Mkuu, unachanganya kesi mbili. Uamuzi unaotajwa sana ni wa Connectix, kampuni nyingine ya emuleta, mahakama ya rufaa ya Marekani, mwaka 2000. Connectix waliichambua BIOS ya PlayStation, ile programu ya kuiwasha mashine, ili waandike programu ya kwao, mahakama ikasema hayo ni matumizi ya haki. Bleem walikuwa na kesi yao pembeni, na gharama za mawakili ndizo zilizowamaliza. Na hata huo uamuzi unahusu emuleta. Haukumruhusu mtu yeyote kuuza kadi iliyojaa gemu za wenzake.

Wakili_wa_Kimara
Kama emuleta ni halali, mbona Yuzu, waliotengeneza emuleta ya Nintendo Switch, walilipa dola milioni 2.4 mwaka 2024?

Chuma_Chakavu
Sasa unapinga hoja yako mwenyewe. Walikubaliana na Nintendo, shauri halikufika kusikilizwa. Malalamiko yalikuwa juu ya kuvunja kufuli la gemu za Switch, mashine iliyokuwa bado inauzwa dukani. Ukitoka hapo hadi gemu ya mwaka 1988 ni mbali. Na uko Kimara, wakili: sheria yako ni ile ya hakimiliki na hakishiriki ya 1999, COSOTA wanaosimamia hakimiliki wapo. Kwa nini unatusomea Marekani?

Dada_Kodi
Nimesoma yote nimechoka. Natengeneza gemu za simu hapa Dar. Gemu yangu ya kwanza ilichukuliwa nzima, wakabadilisha ikoni na jina, wakaipandisha na matangazo yao. Pesa ya matangazo sikuiona. Mnaiongelea Nintendo kana kwamba jasho ni la matajiri peke yao. Anayezoea kuchukua cha Mjapani bure hatasita kuchukua changu.

Kijana_wa_Bamburi
Dada, pole. Lakini gemu yako ilikuwa na wachezaji wangapi hata waiibe?

Dada_Kodi
Idadi ya wachezaji ndiyo inayokupa ruhusa ya kuiba? Rudia swali lako ulisikie.

Fundi_Msimbazi
Hapo Bamburi umekosea, na mimi niko upande wako. Mwombe radhi.

Mama_Nuru
Namuunga mkono dada, ila kuna jambo hamligusi. Gemu nyingi za zamani hata ukiwa na pesa huna pa kuzinunua. Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U Machi 2023. Mwaka huohuo Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya gemu, walitoa utafiti: asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani hazipatikani tena sokoni. Mwanangu akitaka kuona tulicheza nini, nimpeleke wapi? Cha dada kimeibwa kikiwa hai, kinamwingizia kipato. Naona haya ni mambo mawili.

Babu_Pedi
Lakini kwenye hizo kadi gemu zinazouzwa hadi leo zimo pia. Super Mario Bros. ya 1985 Nintendo bado inaitoa kwa wanachama wake wa Switch. Fundi, huwa unaziondoa?

Fundi_Msimbazi
Umeniita mwizi, sasa unataka nikupe ripoti ya kazi?

Mpya_Hapa
Samahanini wakubwa. Nina kigemu cha Anbernic RG35XX na diski zangu halisi za PS1, tena moja ni ya diski tatu. Naziingizaje bila kupakua kwa watu?

Fundi_Msimbazi
Karibu, hilo nalijibu kwa moyo mmoja. Tafuta kompyuta yenye kisoma CD, nakili kila diski ipate faili la BIN na la CUE. Usizitenganishe, BIN ina data yenyewe, CUE ndiyo inayoonyesha sehemu za diski (track) ziko wapi. Kisha tumia programu ya chdman uzibane ziwe CHD, faili moja kwa kila diski, zinapungua ukubwa.

Chuma_Chakavu
Kwa ile ya diski tatu tengeneza faili la maandishi lenye mwisho wa .m3u, ndani uandike majina ya CHD zote tatu, kila jina mstari wake. Unaifungua gemu kwa faili hilo, na diski unabadilishia kwenye menyu bila kutoka.

Mpya_Hapa
Na BIOS? Inaniletea skrini nyeusi.

Fundi_Msimbazi
Angalia jina kwanza. Kwa diski za Marekani ni scph1001.bin, herufi ndogo zote, kwenye folda ya BIOS na sio folda ya gemu. Ikiendelea kuwa nyeusi, huenda kadi ndiyo mbovu.

Babu_Pedi
Ya kwangu nayo inaganda kila ikifika kwenye kusevu. Fundi, kadi gani unaziamini?