Eti giaboksi "haijaharibika, imechakaa": waranti ya gari lililotumika hulipia nini hasa?

Mwalimu_wa_Lanet (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa Nakuru, ninaandika haya nikiwa nimesimama kando ya barabara, mkoba begani, kwa sababu nikiketi nitalia. Nimetoka kwa wale watu wa waranti sasa hivi. Sina haja ya kuwataja. Yeyote katika mji huu aliyewahi kununua gari lililotumika anawajua, anaijua ile picha yao kubwa ya familia inayocheka ndani ya gari jeupe, na pengine risiti yao bado iko kabatini kwake.

Kijana wa kaunta, ambaye umri wake hauzidi ule wa wanafunzi wangu wa juzijuzi, alichovya kidole katika oili ya giaboksi yangu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, chuma kikametameta, naye akaniambia kwa sauti ya upole: "Mama, giaboksi hii haijaharibika. Imechakaa."

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka 22. Insha nilizosahihisha zikipangwa moja juu ya nyingine zitafika ukingoni mwa kreta ya Menengai na kumwagikia upande wa pili. Leo nimefunzwa na kidole chenye oili kwamba kitu kinaweza kukataa kwenda, kikakokotwa kwa kamba hadi gereji, kikafunguliwa na kumwaga matumbo yake sakafuni, na bado kikawa hakijaharibika.

Gari lenyewe nililinunua kwa mkopo wa Sacco. Liliundwa mwaka 2017, likaja kutoka Japani likiwa linakaribia ukomo wa miaka minane ambao sheria yetu inauruhusu kwa magari yaliyotumika. Muuzaji alipomaliza kuthibitisha malipo, alinisogezea karatasi nyingine, waranti ya miezi 24 kwa shilingi 78,000, akasema: "Injini na giaboksi zote zimo, mwalimu, wewe nenda ukalale." Nililipa, nikaenda, nikalala. Usingizi huo umedumu miezi kumi na mmoja.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nampeleka mama yangu Molo. Tulipoanza kupanda Sachangwan, gari likaanza kusitasita. Nikikanyaga mafuta, injini inanguruma kama ndege inayotaka kuruka, lakini magurudumu yanajikokota, na nyuma yangu malori yamenikaribia mpaka ninasoma majina ya walioyapaka rangi. Anayekumbuka lori la mafuta lililowaka pale mwaka 2009 na kuua watu zaidi ya 100 ataelewa kwa nini mama yangu, mwenye umri wa miaka 74, alifungua mlango akashuka na kusema afadhali atembee.

Gari la kukokota lilitoza shilingi 14,000, na hizo hazimo katika waranti. Kisha nikaambiwa giaboksi haiwezi kuchunguzwa bila kufunguliwa, na kwamba gharama ya kuifungua, shilingi 18,000, ni yangu mpaka ibainike kama ugonjwa wenyewe unalipiwa. Nililipa. Nimelipa ili wao wajue sababu ya kutonilipa! Ndipo kidole kikachovywa.

Wanasema ukurasa wa 9 wa kijitabu cha waranti unaeleza kwamba "hasara itokanayo na uchakavu wa kawaida haitafidiwa". Gari limetembea barabara za Japani miaka saba kabla sijaliona. Ni kipande gani ndani yake ambacho hakijachakaa? Mnamuuziaje mtu kinga ya kitu kilichotumika, halafu mnamnyima kwa sababu kimetumika?

Alipomaliza kusema, alikipangusa kidole chake kwa tishu. Nimeisoma ankara nikiwa hapa barabarani. Imeandikwa "vifaa vya usafi, shilingi 350". Tishu ile ni yangu. Nimelipia kidole kile kipanguswe.

Kijana_wa_Section58

Pole sana, mwalimu. Nilipoona maneno "familia inayocheka" nilijua mara moja unawazungumzia akina nani, na tumbo likanikoroga. Mimi walikataa kunilipia tabochaja, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu, kwa sababu huduma ilipaswa kufanywa kila kilomita 5,000 katika gereji waliyoichagua wao, nami nilifika kaunta nikiwa na kilomita 5,212. Nilikuwa nimechelewa kwa sababu gereji hiyo iko Nairobi, na safari ya kwenda na kurudi peke yake ni zaidi ya kilomita 300. Yaani kulitii sharti lao ndiko kulikonifanya nilivunje.

Mzee_wa_Njoro

Mwalimu, nakuheshimu, ila niruhusu niulize. Wewe ndiwe unayesimama mbele ya watoto kila muhula ukiwaambia wasome maagizo kabla ya kujibu maswali. Kijitabu chenye ukurasa wa 9 bila shaka kina ukurasa wa 1. Ulivuka vipi kurasa zote hizo mpaka ukafika Sachangwan?

Mwalimu_wa_Lanet

Mzee wangu, shikamoo. Kijitabu nilikabidhiwa baada ya kulipa, kikiwa ndani ya mfuko pamoja na mwavuli na kishikio cha funguo, na maandishi yake ni madogo kiasi kwamba siafu angehitaji miwani. Nilipokisoma nyumbani niliona maneno "uchakavu wa kawaida", nikadhani ni matairi, brekipedi na wepa za kioo, vitu ambavyo kila mwenye akili anajua huisha. Hakuna popote katika kurasa hizo panaposema kwamba mtu atachovya kidole, akitazame, kisha akutazame wewe, akuite mama, na kukwambia kitu kilichokufa hakijafa. Mngemwona alivyokiinua! Alikiinua kama padri anayetoa baraka.

Fundi_Kondele

Habari za jioni kutoka Kisumu. Ninafungua giaboksi hizi kila wiki, kwa hiyo naomba nieleze kidogo. Ikiwa gari la mwalimu lina giaboksi ya CVT, kama yalivyo magari mengi madogo ya Japani, ndani hamna gia za kawaida bali mshipi wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Chuma kikisuguana na chuma, vumbi laini hutoka hata giaboksi ikiwa nzima, na ndiyo maana watengenezaji huweka sumaku ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini, ili zilinase vumbi hilo. Mng'ao kwenye kidole, peke yake, si ushahidi wa jambo lolote. Swali langu ni hili: uliona vumbi tu, au kulikuwa na vipande vya kushikika? Vipande vina maana kwamba kitu kimekatika au kimemeguka, na huo ni uharibifu katika lugha ya fundi yeyote.

Tena vifaa vingi vinavyozunguka ndani ya gari havifi ghafla bila kuchakaa kwanza, isipokuwa vimegongwa, vimekosa oili au vilitengenezwa vibaya. Beringi huanza kwa kulika, sili huanza kwa kukauka. Mwenye kuandika sentensi ile anaweza kuikatalia injini nzima kwa maneno hayohayo.

Msomaji_wa_Vifungu

Naongezea la sheria. Tazama ni nani aliyetia sahihi waranti hiyo: ni yadi iliyokuuzia gari, ni kampuni nyingine kabisa, au ni kampuni ya bima? Watu wengi hugundua wakati wa madai kwamba muuzaji alikuwa wakala tu aliyechukua kamisheni yake siku ileile. Ikiwa nyuma yake kuna bima, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa mamlaka ya kusimamia bima. Ikiwa hakuna, bado kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 na Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, hutakiwa na sheria kuyaamua ndani ya siku 60, na hukuruhusu ujisimamie mwenyewe bila wakili. Kuna pia kanuni ya siku nyingi kwamba maneno yenye utata katika mkataba hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Kama kijitabu hakielezi tofauti ya kuharibika na kuchakaa, hoja yako ina miguu. Hifadhi ile ankara, na uichukue giaboksi pamoja na vipande vyake vyote kabla hawajavitupa.

Dada_wa_Mamboleo

Samahani, mwalimu, lakini kisa chako ni cha giaboksi, na changu ni cha injini nzima. Nilikuwa natoka Kericho, gari likachemka nilipofika tambarare ya Ahero, saa nane mchana, jua linawaka kama tanuri. Mwenye huruma mmoja akanijazia radieta kwa maji ya chupa nikafika nyumbani. Waranti ikakataliwa kwa sababu eti walikuta "maji yasiyoidhinishwa" ndani ya mfumo wa kupoza. Injini ilipasuka silinda hedi, yaani kichwa chake cha juu, kwa kukosa maji, ikanyimwa fidia kwa kutiwa maji. Nilipeleka madai ya shilingi 165,000, nikarudi na barua ya mistari minne. Wewe angalau umepewa tishu.

Mtu_wa_Kakamega

Dada, huo wako ni mwepesi. Sikilizeni wangu. Gari langu lilionyesha kilomita 61,000 kwenye dashibodi. Nilipopeleka madai, walitafuta rekodi ya mnada wa Japani, wakakuta liliuzwa kule likiwa na kilomita 138,000. Wakanifutia waranti yote kwa kosa la "usomaji wa kilomita uliobadilishwa". Waliouza waranti ni walewale waliouza gari! Rekodi hiyo waliweza kuitafuta siku waliyotaka kukataa kulipa, ila siku waliyotaka kupokea pesa zangu hawakuiona. Tangu siku hiyo ninamwambia kila mtu aitafute rekodi ya mnada kwa namba ya chesisi kabla hajagusa pochi, na pesa ya waranti aiweke mwenyewe kando kwa ajili ya fundi.

Mwalimu_wa_Lanet

Wenzangu, nawapa pole nyote, lakini nahisi kidole kile kinasahaulika. Namjibu Fundi: kulikuwa na vipande. Kimoja kilikuwa kikubwa kama punje ya mchele wa Mwea, nami nilikiona kikiwa kimelala kwenye trei, na nilipokinyoshea mkono kijana alisema nisijichafue, mama. Nimerudi ndani baada ya kusoma ujumbe wa Msomaji, nimekichukua pamoja na vingine, nimevifunga katika karatasi ya mtihani, na viko mkobani mwangu sasa hivi. Giaboksi yenyewe wamekubali kuitunza hadi Jumatatu. Je, punje hiyo imechakaa, au imekatika? Naomba jibu moja tu.

Fundi_Kondele

Dada wa Mamboleo, kuhusu injini yako, lazima nikuambie ukweli ingawa utauma. Maji matupu si sawa na kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Kulanti huchelewesha kuchemka na huzuia kutu, na maji ya kisima yenye chumvi huacha magamba ndani ya radieta mpaka njia zinaziba. Kwa dharura maji yanakubalika, lakini yanapaswa kumwagwa na mfumo kusafishwa mara tu ufikapo. Wewe ulikaa nayo siku ngapi?

Dada_wa_Mamboleo

Siku tisa. Nilikuwa nangoja mshahara. Na maji yalikuwa ya chupa, si ya kisima.

Kijana_wa_Section58

Huku Nakuru maji ya visima yana floridi nyingi mpaka meno ya watoto yanageuka rangi ya kahawia, na bado kila mwosha magari anamimina maji hayo radietani bila kuuliza. Ikiwa hicho ni kigezo cha kukataa madai, basi hakuna gari hata moja kutoka hapa hadi Gilgil lenye waranti.

Mzee_wa_Njoro

Lori langu limetumia maji ya mto kwa miaka 19 na halijawahi kuchemka. Hizo kulanti ni biashara ya wauza duka.

Fundi_Kondele

Mzee, kwa heshima zote, lori la zamani lina radieta ya shaba na njia pana. Haya magari madogo yana radieta ya alumini yenye vijinjia vyembamba kama uzi, na silinda hedi ya alumini pia, ambayo hupinda joto likizidi. Halafu msichanganye kulanti: rangi peke yake si uthibitisho, lakini ya kijani na nyekundu kwa kawaida zina kemikali tofauti, na mtu akizichanganya ovyo zinaweza kuganda kama uji. Dada, ile silinda hedi bado unayo? Nipigie picha ya upande wa gasketi, na picha ya mfuniko wa radieta kwa ndani, ili nione kama ni kutu au ni magamba.