Jaji wa bustani, mhariri wa habari za kijiji na mshauri wa sheria ni mtu mmoja. Nimechoka!

Wakuu, nimekaa na jambo hili kifuani wiki mbili. Mke wangu kaniambia niachane nalo, eti yote haya ni bustani tu. Nimejaribu. Leo asubuhi nikapita kwenye ubao wa matangazo, nikakuta toleo jipya la kijarida cha kijiji limebandikwa, na mimi nimo ndani kama "mkazi mmoja mwenye tabia ya kugombania miti ya majirani". Basi, na liwe. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi apite.

Jina la mtu simtaji, nitamwita Kofia Tatu. Kofia ya kwanza: ndiye mhariri wa hicho kijarida, yaani habari ya kijiji haiwi habari mpaka aiandike yeye. Kofia ya pili: mwenyekiti wa majaji wa shindano la bustani. Kofia ya tatu: kila Alhamisi anakaa kwenye dawati la ushauri wa sheria, bure kabisa, watu wanampelekea mambo ya mipaka, mirathi, ndoa na madeni. Kwa miaka hakuna aliyeona tatizo, na mimi nikiwemo. Tulikuwa tunamsifu kwa kujitolea. Na kweli anajitolea, sitamnyima hilo. Anajitolea mpaka mahali asipotakiwa.

Shindano lilipotangazwa, kanuni zilibandikwa ubaoni. Alama 100: udongo na matumizi ya maji 40, aina za mimea 30, mpangilio na usafi 20, ubunifu 10. Majaji watatu, kila mmoja na fomu yake. Mmea uwe umekaa ndani ya bustani si chini ya miezi mitatu kabla ya ukaguzi. Zawadi toroli jipya na mpira wa kumwagilia. Mimi nilizipiga picha kanuni zile siku ile ile, wala sikuwa na hila yoyote, nilitaka tu nizisome vizuri nyumbani. Kwa alama 40 za udongo nikasema hapa ndipo pangu.

Maana udongo wangu ulikuwa mfinyanzi mtupu, kiangazi unapasuka mpaka unaingiza vidole, mvua ikinyesha maji yanasimama juu kama kwenye sahani. Miezi minne nimegeuza mboji. Wenye uzoefu mnajua kazi yake: makavu mengi, mabichi kiasi, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha vinataka kaboni, inayotoka zaidi kwenye makavu, mara 25 hadi 30 ya nitrojeni, inayotoka zaidi kwenye mabichi. Ukizidisha mabichi na samadi lundo linanuka, ukizidisha majani makavu na maranda linalala tu, halipati joto. Likikaa sawa linapanda nyuzi 55 hadi 65 ndani. Unachomeka chuma, unasubiri kidogo, ukikichomoa hukishiki. Joto hilo ndilo linaloua mbegu nyingi za magugu. Nikaweka mboji, nikapanda mikunde katikati ya mistari ili vinundu vya mizizi vinishikie nitrojeni ya hewani bila kununua mbolea, juu nikatandaza matandazo mazito, yaani majani makavu ya kufunika udongo usikauke. Nilikuwa namwagilia mara mbili kwa wiki wakati wenzangu wanamwagilia asubuhi na jioni. Nilijisikia mtu.

Tatizo likawa mti. Mti wa jirani umevuka mpaka, matawi yake yanafunika robo ya bustani yangu. Jirani huyo ni shemeji yake Kofia Tatu, na hilo nililijua, sitajifanya mjinga. Nilidhani undugu ungesaidia, wangeliongea kimya kimya nyumbani na yakaisha. Nikaenda dawatini Alhamisi moja, nikafunga mlango, nikamweleza yote, hadi ugomvi wetu wa zamani wa mpaka ambao hata watoto wangu hawaujui. Akanisikiliza kwa utulivu kabisa. Kisha akaniambia, "Ndugu yangu, usiguse hata jani. Ukikata umeharibu mali ya mtu, unashtakiwa. Subiri kamati ikae."

Kamati haikukaa. Robo ile ya bustani mimea ikarefuka ikitafuta jua, mashina membamba kama njiti, nusu yake ikalala. Na mshindi wa shindano ni nani? Jirani. Shemeji. Mwenye mti.

Sasa ngoja. Mpwa wangu anasoma sheria, alikuja likizo nikamsimulia. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mjomba, hii si ndiyo tuliyofundishwa mwaka wa kwanza?" Akanieleza kesi ya Uingereza ya Lemmon dhidi ya Webb, ilifika mpaka ngazi ya juu kabisa ya rufaa huko, imeripotiwa 1895. Tawi likivuka mpaka, unaruhusiwa kulikata hadi kwenye mpaka bila hata kumpa mwenye mti taarifa, mradi usikanyage upande wake. Nchi nyingi zilizorithi mfumo ule bado zinafuata mwelekeo huo, ingawa kila moja ina nyongeza zake, mathalani miti inayolindwa ambayo huruhusiwi kuigusa bila kibali. Mti huu si wa namna hiyo. Sharti lingine ni kwamba ulichokata si chako: kuna mtu alikata matawi ya jirani akauza matufaha yake, kesi ya Mills dhidi ya Brooker ya 1919, akaamriwa kulipa. Kwa hiyo unakata, unamrudishia mwenyewe. Ndiyo sheria yote hiyo. Inatosha kwenye kipande cha karatasi, na mshauri wetu wa Alhamisi amesomea mambo haya!

Tuseme amesahau. Binadamu husahau. Haya, siku ya ukaguzi.

Walikuja saa sita mchana, jua la utosi, saa ambayo hata mmea wenye afya unalegeza majani. Dakika kumi tu. Hakuna aliyeinama kushika udongo, hakuna aliyeuliza maji natumia kiasi gani. Mmoja akayasogeza matandazo yangu kwa ncha ya kiatu akasema, "Hizi takataka ungezifagia kwanza." Matandazo! Nikabaki kinywa wazi. Nilitaka kumwambia afukue chini yake aone unyevu na nyungunyungu waliomo, Kofia Tatu akasema muda umekwisha.

Matokeo yalipotoka niliomba kuona alama zangu. Jibu la kwanza: uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Nikasema sikuja kuupinga, nataka kuuona. Baada ya kuzungushwa siku tatu nikapewa fomu moja. Ziko wapi mbili nyingine? Kimya. Na fomu hiyo moja, iliyosainiwa na mnayemdhani, ina kipengele kinaitwa "Mvuto", alama 50. Mvuto haukuwahi kuwemo kwenye kanuni! Udongo na maji vimeshushwa kutoka 40 hadi 10. Yaani mimi nimefanya mtihani wa hesabu, wao wamesahihisha kama wa kuchora.

Bustani iliyoshinda nimeiona kwa macho yangu, tumetenganishwa na ua. Siku mbili kabla ya ukaguzi palikuwa uwanja mtupu. Asubuhi ya ukaguzi pamejaa maua, yote kimo kimoja, yote yamechanua siku moja kama yameamriwa. Mvua ya kwanza ilipochimbua udongo, midomo ya vyungu vyeusi vya plastiki ikachungulia. Hawakuyapanda, waliyafukia na vyungu vyake. Mizizi imejizungusha humo ndani, haina pa kwenda, na leo karibu nusu yamekauka. Miezi mitatu ya kanuni imekuwa siku mbili, na toroli limekwenda.

Kidogo nitoke njiani, maana hili linanichoma kipekee. Kijarida kimeisifia bustani hiyo kwa "lantana, ua letu la asili". Lantana gani ya asili? Asili yake ni Amerika ya kitropiki, ilisambazwa duniani kama pambo, na leo imo kwenye orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani, orodha ile ile yenye gugumaji. Mifugo ikila majani yake inaumia ini, ngozi inaungua kwa jua. Ndege wanakula matunda wanakwenda kuipanda kwa kila mtu. Mwaka ujao itakuwa uani kwangu, halafu nitaambiwa nisiguse hata jani.

Turudi. Kuna watakaosema Kofia Tatu ni mwaminifu, shemeji au si shemeji, yeye alihukumu kwa haki. Inawezekana! Moyoni mwake mimi siwezi kuingia. Lakini mambo haya wenzetu walishayamaliza zamani. Mwaka 1852 ilitenguliwa hukumu ya Lord Cottenham, jaji mkubwa kuliko wote Uingereza kwa cheo chake, kwa sababu alikuwa na hisa katika kampuni ya mfereji iliyokuwa mbele yake. Hakuna aliyedai kwamba alipendelea. Alikuwa na maslahi, ikatosha. Na ipo nyingine mpwa wangu alivyonisimulia nikahisi imeandikwa kwa ajili ya kijiji chetu: Sussex Justices, iliyoripotiwa 1924. Mwendesha pikipiki alitiwa hatiani kwa kuendesha kwa hatari. Karani aliyeingia na mahakimu chumbani alikuwa mshirika katika ofisi ya mawakili waliokuwa wakimdai fidia huyo huyo mwendesha pikipiki. Mahakimu waliapa kwamba hawakumuuliza neno, na karani hakufungua mdomo. Bado hatia ikafutwa. Jaji Hewart alisema haki isitendeke tu, ionekane wazi pasipo shaka kuwa imetendeka.

Huyo karani alikaa kimya. Wa kwetu ndiye aliyeshika kalamu! Amenishauri mimi kuhusu mti wa shemeji yake, ushauri ukamfaa shemeji, kisha akahukumu bustani yangu na ya shemeji, kisha akaandika habari ya ushindi wa shemeji. Kesi ya nyani kapelekewa ngedere, na ngedere ndiye mchapishaji wa hukumu.

Na hilo la kijarida ndilo lililonitoa usingizini kuliko toroli. Habari ya mti na ugomvi wa mpaka niliisema chumbani, mlango umefungwa, kwa mtu niliyemfuata kama mshauri wa sheria. Imetokaje ubaoni? Jina hakuliandika, lakini kijiji kizima wenye mti wa kugombania ni wangapi? Kuna mama mmoja jirani yangu alikuwa aende Alhamisi hii kuuliza habari za mirathi baada ya kufiwa na mumewe. Amesoma ubao, amerudi nyumbani. Haendi tena. Mimi nimepoteza toroli, huyu mama anaweza kupoteza nyumba.

NYONGEZA: naona mmeanza. Najibu machache.

Anayesema "umeshindwa kubali": kushindwa nimekubali mara nyingi, mwaka juzi nilishika nafasi ya mwisho kwa haki yangu, vidukari walinila bustani nzima na nikampongeza mshindi. Safari hii sijui kama nimeshindwa. Hakuna aliyepima.

Anayeuliza kama shindano la kujifurahisha linaweza kuwa na kanuni za kumfunga mtu: soma habari za Bi. Carlill. Kampuni moja ya dawa ya kuvuta puani ilitangaza pauni 100 kwa yeyote atakayetumia dawa yake kama ilivyoelekezwa na bado akaugua mafua makali. Mama wa watu akatumia, akaugua, akadai. Kampuni ikasema lile lilikuwa tangazo la biashara tu. Mahakama ya Rufani ya Uingereza mnamo Desemba 1892 ikasema lipeni: umetoa ahadi kwa umma yenye masharti, mtu katimiza masharti, ahadi inakufunga. Sisemi niende mahakamani kwa ajili ya toroli, sijarukwa na akili. Nasema ukibandika masharti ubaoni, huyabadilishi watu wakishamaliza kulima.

Anayesema Kofia Tatu akiondoka hakuna mwingine wa kujitolea: hapo umenigusa, na jibu kamili sina. Lakini sijasema aondoke. Achague kofia moja. Akibaki na dawati la sheria, asiandike habari na asihukumu bustani. Na siku anayokuja mtu mwenye shauri na ndugu yake, aseme tu, "Hili mimi siliwezi, nenda kwa mwingine." Ni sentensi moja.

Anayeniuliza kwa nini sikwenda kumwambia ana kwa ana: nilikwenda, mkuu. Akaniambia niandike malalamiko yangu, atayachapisha kwenye kijarida kama nafasi itakuwepo.

Mkutano ni Jumamosi. Nitakwenda na picha ya kanuni na hiyo fomu moja, na nitaomba zile mbili zisomwe mbele ya watu, kama zipo. Mwenye uzoefu wa kuandika barua ya kuomba mwenyekiti wa kikao awe mtu asiyehusika, naomba anisaidie maneno hapa chini, maana nikiandika mwenyewe nitatukana.

Na mti nakata kesho alfajiri, nikiwa nimesimama upande wangu. Matawi nitayapanga vizuri pale mpakani, shemeji aje na toroli lake achukue.