Gari la mkononi, waranti ya kampuni inakaribia kuisha: nianze na tatizo lipi?

Mama Nasra (Columbus, Ohio)

Wakuu, habari za baridi. Nina gari la Kijapani, modeli ya 2023, nililinunua kwa mtu kiangazi kilichopita. Sasa hivi lina maili 33,900. Kijitabu chake kinasema waranti ya jumla ni miaka 3 au maili 36,000, kinachotangulia kufika, na ya injini na gia boksi ni miaka 5 au maili 60,000. Aliyeniuzia anasema alilitoa dukani Juni 2023, kwa hiyo najihesabia nina mpaka Juni mwaka huu.

Shida zake ni hizi. Asubuhi kukiwa na baridi kali, likibadilisha gia linashtuka kama limesukumwa kwa nyuma. Hita upande wa abiria inatoa uvuguvugu tu, kwangu moto kabisa. Skrini ya redio inazima yenyewe, na ikizima kamera ya nyuma nayo hakuna. Halafu nikipita kwenye shimo, mbele kushoto kuna kitu kinagonga, ngo, ngo.

Mume wangu anasema tuanze na gia boksi maana ndiyo yenye pesa, hayo mengine atayamaliza fundi wetu wa mtaani. Mimi nasita. Kwanza, hiyo waranti inanihusu mimi niliyelipata gari mkononi?

Kaunta ya Gereji (Houston)

Dadangu, kazi yangu ni hiyo hiyo. Nakaa kaunta ya kupokea magari kwa dila, yaani muuzaji rasmi wa kampuni ya magari, na mwezi haupiti bila mtu kuniletea gari lililomaliza waranti wiki iliyopita.

Waranti ya kawaida hufuata gari, haimfuati mtu. Iliyobaki ni yako, na dila yeyote wa kampuni hiyo humu nchini anapaswa kukuhudumia, si lazima yule aliyeliuza mwanzo. Isipokuwa kama gari liliwahi kuandikwa na kampuni ya bima kuwa limeharibika kabisa, likaundwa upya. Hapo kampuni nyingi hufuta waranti.

Shemeji ana haki kuiogopa gia boksi, ila foleni ameipanga kinyume. Gia boksi ina miaka 5. Hita, skrini, kamera na huo mlio wa kugonga wa mbele viko kwenye miaka 3. Anza na vinavyokufa kwanza. Gia itaje siku hiyo hiyo ili iandikwe, lakini kama hawataitengeneza sasa usipoteze usingizi.

Hiyo Juni usiiamini. Saa ya waranti haianzi siku aliyenunua mtu wa kwanza peke yake. Kama dila alilitumia gari kwa kujaribishia wateja kabla ya kuliuza, saa ilianza siku hiyo. Chukua namba ya chasisi, zile herufi na tarakimu 17 zinazoonekana chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, piga simu dila yeyote wa kampuni na uulize: waranti ilianza tarehe ngapi? Wanaiona kwenye kompyuta papo hapo. Namba hiyo hiyo iingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali kuu ya usalama barabarani, uone kama kuna marekebisho ya usalama ambayo kampuni imeyatangaza na hayajafanywa. Hayo ni bure na hayasubiri waranti.

Sasa, ukifika kaunta, tafadhali usiseme "naomba mlikague gari lote kabla waranti haijaisha". Tukisikia hivyo tunakupa ule ukaguzi wa bure, nao umetengenezwa kutafuta cha kukuuzia: pedi za breki, chujio la hewa, betri. Hakuna atakayewasha redio yako nusu saa kusubiri izime. Ukweli wa ndani ni kwamba kazi ya waranti kampuni humlipa dila kwa muda iliyoupanga yenyewe, na muda wa kutafuta ugonjwa ni mdogo. Fundi hapendi malalamiko yasiyo na kichwa wala miguu.

Sema dalili, usiseme ugonjwa. Ukisema "shokapu imekufa" na wao wakakuta shokapu nzima, karatasi itaandikwa haina tatizo na kazi imeisha. Sema: "Nikipita shimo kwa mwendo wa maili 20, mbele kushoto kunagonga." Skrini irekodi kwa simu ikizima. Hita wape namba: weka kipimajoto cha jikoni kwenye tundu la kushoto na la kulia. Mshtuko wa gia ni wa asubuhi, basi lilaze gari kwao usiku, wao waliwashe likiwa baridi. Na kuhusu huo mlio wa kugonga, mwombe fundi akae nawe garini mzunguke mtaa, umwonyeshe shimo lenyewe.

Kabla ya kusaini, soma walichokiandika. Karatasi ya kazi huwa na mambo matatu: mteja amelalamikia nini, chanzo ni nini, kimefanyika nini. Hakikisha malalamiko yako yote yamo, kila moja na mstari wake, pamoja na tarehe na maili. Hata wakikuambia hawakuona kitu, ondoka na karatasi. Msimamo wa FTC, tume ya biashara ya serikali kuu, ni kwamba ubovu ulioripotiwa ndani ya muda na haukutengenezwa vizuri, kampuni inabaki na deni hata waranti ikiisha katikati. Bila karatasi utaonekana umekuja leo.

Uliza pia ada ya uchunguzi ikoje kama wataona ubovu hauingii kwenye waranti. Hiyo ndiyo inayowachoma watu.

Dereva wa Usiku (Louisville)

Niongeze kwa wenye Hyundai na Kia. Ile miaka 10 au maili 100,000 ya injini na gia inayotangazwa ni ya mnunuzi wa kwanza. Ukilipata mkononi kwa mtu, inashuka hadi 5 na 60,000, isipokuwa lile linalouzwa na dila wa kampuni chini ya mpango wao wa magari yaliyothibitishwa. Kuna muuzaji hapa alinitajia miaka 10 huku ananitazama usoni.

Mama Nasra, huyo fundi wa mtaani asifungue chochote kwanza. Mimi naye nampenda fundi wangu, lakini akishafungua skrini, dila atasema imeguswa.

Mama Nasra

Asanteni sana. Hapo kwa fundi mmenitisha, maana yeye ndiye anayenibadilishia oili tangu nimelinunua. Nimejiharibia?

Kaunta ya Gereji

Hapana dadangu. Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 haimruhusu mwenye kiwanda kukulazimisha huduma za kawaida uzifanye kwake kwa pesa yako ili waranti isimame. Wanaweza kukataa kama oili mbaya au uzembe ndio ulioua kitu, si kwa sababu tu hukuenda kwao. Kusanya risiti, na za mwenye gari wa kwanza muombe. Fundi asiyetoa risiti, mwambie aandike hata kwa mkono: tarehe, maili, aina ya oili.

Bakari wa Tanga

Nasoma hapa nacheka. Huku gari likitoka Japani, waranti yake ni macho yako na dua ya mama. Endeleeni.

Mama Nasra

Kaunta, Mungu akuweke. Nimepiga simu: waranti ilianza tarehe 28 Machi 2023, si Juni. Lilikuwa gari la kujaribishia, kama ulivyosema. Ningesubiri sikukuu ya Pasaka ipite ningekuwa nje.

Nimelilaza kwao. Hita wamekubali, kuna kimota kinachofungua njia ya hewa ya moto kilikuwa kimekwama, wamebadilisha. Mlio wa kugonga fundi aliusikia kwenye shimo la kwanza tu, ni kiungo cha stabilaiza, nacho wamebadilisha, sijatoa hata senti. Gia imeandikwa "hakuna tatizo lililoonekana". Skrini ndiyo inanipa wasiwasi: wamekubali ni mbovu, lakini spea imeagizwa na huenda ikaja Aprili.

Kaunta ya Gereji

Skrini imeshakubaliwa na kuagizwa ndani ya muda, Aprili haina shida. Chukua nakala ya karatasi yenye namba ya oda ya spea, na ipigie picha kabisa. Ya gia rudi nayo asubuhi yoyote baridi ikizidi, unayo nafasi mpaka 2028 au maili 60,000. Na zile barua nyekundu za "onyo la mwisho, waranti yako inaisha" zitaanza kukujia sasa hivi. Hazitoki kwa kampuni ya gari lako. Tupa.