MREJESHO: Daktari wa Bilibid aliyeuawa na ndege za kwao

Wakuu, mtakumbuka niliuliza ilikuwaje Thomas Hayes, daktari wa Jeshi la Majini la Marekani aliyetekwa Ufilipino, akafia Taiwan ndani ya meli ya Wajapani. Asanteni mlionielekeza. Nimesoma, na kwa kweli inauma.

Baada ya Corregidor, kisiwa chenye ngome ya Wamarekani karibu na Manila, kuanguka mikononi mwa Wajapani Mei 1942, alifungwa Bilibid, gereza kuukuu la Manila, na baadaye akaongoza hospitali ya wafungwa humo. Dawa hakuna, chakula kiduchu, beriberi (ugonjwa wa kukosa vitamini B1) na kuhara kila kona. Usiku anaandika kwa siri. Kabla ya kuondolewa akayafukia maandishi yake mle mle gerezani. Yalipatikana baadaye. Angekamatwa nayo, sijui kama angefika hata bandarini!

Desemba 1944 wafungwa zaidi ya 1,600, Hayes akiwemo, walisukumwa kwenye meli ya Wajapani, Oryoku Maru. Meli haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha imebeba wafungwa, kwa hiyo ndege za Marekani zikaizamisha Subic Bay, huko huko Ufilipino. Walionusurika wakaendelea na safari, na wengi wakaishia kwenye meli nyingine, Enoura Maru. Tarehe 9 Januari 1945, ikiwa imetia nanga Takao, Taiwan (Kaohsiung ya leo), nayo ikapigwa na ndege za Marekani. Hayes alikufa hapo.

Mdau aliyesema walizikwa Manila: hapana. Maiti za Enoura Maru zilizikwa Takao kwenye kaburi la pamoja, na baada ya vita mabaki yakapelekwa Honolulu, yakazikwa bila majina. Miaka ya karibuni Marekani imeanza kuyafukua ili kuyatambua kwa vinasaba.